Ungamo, Fidia na Msamaha: Fundisho la Wokovu la Balokole wa Uganda, 1929–1977

Makala haya yanajadili namna fundisho la Kikristo kuhusu maondoleo ya dhambi lilivyopata sura ya kijamii miongoni mwa Balokole, yaani "waliookoka", wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda. Chimbuko la uamsho huo huhusishwa na kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, katika kilima cha Namirembe, Kampala, mwaka 1929.

Kanisa lilikwisha kufundisha kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema. Balokole hawakulipinga fundisho hilo. Walidai tu kwamba neema isiyobadili mwenendo haijapokelewa. Kwa hiyo, aliyeokoka aliungama hadharani, akarudisha alichoiba na kumwomba radhi aliyemkosea. Msamaha wa Mungu ulikuwa bure, lakini deni kwa jirani lilibaki kuwa deni. Msimamo huo uliwakera wakuu wa Kanisa: mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Teolojia cha Askofu Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kukaidi amri iliyozuia mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yao.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mlokole, alipouawa mikononi mwa utawala wa Idi Amin. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akachapisha kitabu ambacho jina lake lilitamka upendo kwa Amin. Aliyesamehewa hapa hakuwa ameungama wala kufidia lolote. Hata hivyo, fundisho la awali halikutanguka. Msamaha huo ulimfungua aliyekosewa kutoka katika chuki. Haukumwondolea mkosaji wajibu wa kutubu.

Tofauti hiyo ina uzito katika sera. Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 iliwakinga na mashtaka waasi waliojisalimisha na kuukana uasi, pasipo kuwataka waungame makosa mahususi mbele ya waathiriwa. Dola ilisamehe kwa niaba ya waliodhulumiwa. Kwa kipimo cha Balokole, tendo hilo laweza kunyamazisha bunduki, na hilo si dogo. Lakini kusamehe ni haki ya aliyekosewa, na fidia ni wajibu usiofutwa na msamaha. Sera ya maridhiano inayochanganya mambo hayo mawili humwachia mwathiriwa mzigo wa pande zote mbili.