Kuamka kwa turbo: nafasi ya ekzosti na ganda la turbini

Kuamka kwa turbo ni hatua ambayo shafti ya turbo hupanda kasi, tangu dereva anapokanyaga mafuta hadi kompresa ianze kusukuma hewa yenye presha ya kutosha kwenye silinda. Hatua hiyo ikichukua muda mrefu, gari huwa zito kuondoka, hushindwa kulipita gari jingine kwa wakati, na mlimani dereva hulazimika kushusha gia mapema. Injini nyingi za petroli zenye turbo hutengenezwa kwa uwiano mdogo wa mgandamizo kuliko zisizo nayo, kwa hiyo turbo isipoamka injini huwa dhaifu hata kuliko ile ya kawaida ya ukubwa uleule.

Mambo mawili huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni kizingiti, yaani idadi ya mizunguko ya injini ambayo chini yake moshi hautoshi kuleta presha, hata dereva asubiri kiasi gani. La pili ni uchelewaji: injini imeshavuka kizingiti na gesi ipo, lakini shafti bado inahitaji muda kupanda kutoka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika hadi zaidi ya 100,000. Kizingiti huteremshwa kwa kuchagua turbini na ganda la ukubwa unaofaa. Uchelewaji hupunguzwa kwa kupunguza uzito unaozungushwa na kwa kuzuia nishati ya moshi isipotee njiani.

Wazo la kutumia moshi wa injini kusukuma hewa lilisajiliwa na mhandisi Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905. Magari madogo yalilipata baadaye sana: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder zilitoka Marekani mwaka 1962. BMW 2002 Turbo ya mwaka 1973 ilijulikana kwa kukaa kimya kwenye mizunguko ya chini kisha kuvuta ghafla. Saab ya Sweden, kwa gari lake la 99 Turbo la mwishoni mwa miaka ya 1970, ilishika njia tofauti: turbo ndogo inayoamka mapema, ikiwa na westigeti ya kupunguzia gesi inapozidi. Magari mengi ya barabarani leo yanafuata njia hiyo ya Saab, na ilistahili kufuatwa, kwa sababu dereva wa kawaida hutumia mizunguko ya chini na ya kati karibu muda wote.

Nguvu inayoizungusha turbini hutegemea vitu vinne: wingi wa gesi inayopita kwa sekunde, joto la gesi hiyo, uwiano wa presha ya kabla na ya baada ya turbini, na ufanisi wa turbini yenyewe. Hapo ndipo inapotoka kanuni inayotawala kazi yote ya ekzosti. Kabla ya turbini, joto na kasi ya gesi vinapaswa kuhifadhiwa, kwa hiyo njia iwe fupi, isiwe na nafasi ya bure, na isivuje. Baada ya turbini, gesi inapaswa kuondoka bila kizuizi, kwa hiyo njia iwe pana. Kauli inayosikika sana gereji, kwamba injini yenye turbo inahitaji ekzosti nyembamba ya nyuma ili presha ijengeke, ni kinyume cha ukweli. Presha inayobaki nyuma ya turbini hupunguza ule uwiano, na turbini hunyimwa nguvu.

Ganda la turbini lina umbo la konokono: gesi huingia upande mpana, huzunguka kwenye njia inayozidi kupungua, kisha hupiga mapanga ya turbini kutoka pembeni. Ukubwa wa njia hiyo huelezwa kwa namba iitwayo A/R, inayopatikana kwa kugawa eneo la mkato wa njia kwa umbali kutoka katikati ya shafti hadi katikati ya eneo hilo. Namba ikiwa ndogo, gesi hupita pembamba, hupata kasi kubwa, na turbo huamka mapema. Ikiwa kubwa, gesi hupita kwa urahisi kwenye mizunguko ya juu lakini hugusa mapanga kwa unyonge kwenye mizunguko ya chini. Maganda ya turbo za familia ya GT30 za kampuni ya Garrett, kwa mfano, hupatikana kwa A/R za 0.63, 0.82 na 1.06. Kwa injini ya lita 2.0 inayotembea mjini na barabara kuu, 0.63 ndiyo chaguo la busara. Ile ya 1.06 inafaa injini kubwa zaidi, au gari la mashindano lisiloshuka kutoka mizunguko ya juu.

Gharama ya ganda dogo huonekana juu. Gesi ikizidi uwezo wa njia, presha ndani ya manifoldi inayokusanya moshi wa silinda hupanda kupita presha ambayo turbo inaingiza, moshi hubaki ndani ya silinda, joto huongezeka, na petroli huanza kugonga kabla ya wakati. Kipimo kizuri ni kulinganisha presha mbili, ya manifoldi ya moshi na ya hewa inayoingia. Zikikaribiana, upande wa turbini unapumua vizuri. Ya moshi ikifika maradufu ya ile ya hewa, ganda au turbini ni ndogo mno kwa nguvu inayotafutwa. Kubadilisha ganda peke yake ni nafuu kuliko kubadilisha turbo nzima, na ndiko anakopaswa kuanzia mtu ambaye kompresa yake inatosha lakini turbo yake inachelewa. Ganda jipya lazima lilingane na kipenyo na umbo la mapanga yaliyopo, kwa kuwa nafasi kati ya ncha za mapanga na ukuta wa ganda ikizidi, gesi hupita pembeni bila kufanya kazi.

Uzito wa turbini una athari kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa turbini mbili za umbo na madini yaleyale, ukinzani dhidi ya kuongezwa kasi hukua kwa kipeo cha tano cha kipenyo: turbini iliyo pana zaidi kwa asilimia 10 huwa ngumu kuiharakisha kwa takriban asilimia 61 zaidi. Ndiyo maana turbo iliyonunuliwa kwa sababu tu ni kubwa huua uchangamfu wa gari. Nissan iliweka turbini za kauri kwenye Skyline GT-R ya R32 ili kupunguza uzito, lakini presha ilipopandishwa kupita ya kiwandani zilipasuka kwa urahisi. Mitsubishi ilitumia mchanganyiko wa titani na alumini kwenye baadhi ya Lancer Evolution. Beringi za gololi nazo hupunguza msuguano wakati wa kuanza.

Manifoldi ndiyo sehemu yenye mengi ya kusema. Moshi hautoki kwenye injini kama upepo mmoja wa kudumu; hutoka kwa mapigo, moja kila valvu ya kutolea moshi inapofunguka. Pigo lina nishati nyingi, na likifika kwenye turbini likiwa zima huipa msukumo ambao mtiririko wa wastani hauwezi kuutoa. Manifoldi yenye mabomba mapana na marefu kupita kiasi huliacha pigo litanuke na kupoa. Ya chuma cha kusubu, fupi na nzito, hulihifadhi pigo vizuri lakini hunywa joto jingi kabla haijapata moto yenyewe. Ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu huchukua joto kidogo, ila yakiwa membamba mno hupasuka kwenye viungo kwa kubeba uzito wa turbo na kutikiswa barabarani. Kupaka kauri au kuzungushia kitambaa cha kuhimili joto husaidia kubakiza joto ndani. Kitambaa hicho kikiloa maji juu ya chuma cha kawaida huharakisha kutu.

Kwenye injini ya silinda nne, pigo moja hufuata jingine kila baada ya digrii 180 za krankshafti, ilhali valvu ya kutolea moshi hukaa wazi zaidi ya digrii 220. Maana yake ni kwamba silinda moja inapomalizia kutoa moshi, huku valvu yake ya kuingizia hewa imeshaanza kufunguka, silinda inayofuata hutupa pigo lake kwenye manifoldi hiyohiyo, na moshi hurudishwa ndani. Dawa yake ni ganda la njia mbili, ambalo ukuta wa ndani huligawa tangu mlangoni hadi karibu na mapanga, likiunganishwa na manifoldi inayotenganisha silinda zinazopishana kwa digrii 360. Kwa injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, ya 1 huungana na ya 4, na ya 2 na ya 3. Toyota ilifanya hivyo kwenye 3S-GTE ya Celica na MR2. Injini za silinda sita za mstari, zikiwemo za malori mengi, ndizo zinazofaidi kwa urahisi zaidi: tatu za mbele huenda njia moja na tatu za nyuma njia nyingine.

Subaru EJ20, injini iliyozoeleka sana kwenye barabara za Kenya na Tanzania kutokana na magari yanayoagizwa Japani, inaonyesha ugumu wa jambo hili. Silinda zake zimelala pande mbili, ya 1 na ya 3 kulia, ya 2 na ya 4 kushoto, na huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silinda zinazopishana kwa digrii 360 ni ya 1 na ya 2, ya 3 na ya 4, yaani kila jozi ina mguu mmoja kila upande wa injini. Manifoldi ya zamani iliunganisha silinda za upande mmoja, kisha bomba la kushoto likavuka chini ya injini kwenda kwenye turbo iliyo kulia. Tofauti hiyo ya urefu ndiyo inayoleta ule mngurumo ambao wapenzi wa Subaru huutambua gari likiwa bado mbali. Legacy za miaka ya 1990 zilijaribu turbo mbili zinazopokezana, na zikaacha pengo la nguvu linalohisika pale ya pili inapoingia. Kwenye Legacy GT ya mwaka 2003 ya soko la Japani, Subaru ilirudi kwenye turbo moja, sasa ikiwa na ganda la njia mbili na mabomba ya urefu sawa. Gari lilipoteza mngurumo, likapata mvuto wa mapema usio na pengo. Anayetaka kuhamishia turbo hiyo kwenye EJ20 ya zamani hana budi kuhamisha manifoldi yake pia. Ganda la njia mbili kwenye bomba lisilogawanywa halitoi faida iliyokusudiwa.

Baadhi ya Subaru WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na katalisti ndogo kwenye bomba linalopanda kwenda kwenye turbo. Katalisti hiyo hunywa joto na kuvunja mapigo, na inapozeeka vipande vyake hung'oka na kuingia kwenye turbini. Bomba tupu mahali pake ni miongoni mwa mabadiliko yenye faida ya wazi kwenye gari hilo. Katika nchi zinazokagua moshi, hata hivyo, kuondoa katalisti kunaweza kulikosesha gari ruhusa ya kutembea.

Kabla ya kununua chochote, mivujo itafutwe. Gasketi iliyoungua kati ya kichwa cha injini na manifoldi, au ufa kwenye manifoldi, hutoa nje gesi ileile ambayo ingezungusha turbini. Dalili zake ni mstari wa masizi meusi unaoanzia kwenye ukingo wa gasketi na kutapakaa juu ya chuma, pamoja na mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi, unaofifia chuma kinapopata moto na kutanuka. Westigeti isiyofunga vizuri huleta hasara hiyohiyo bila alama yoyote ya nje: kifuniko chake kikiwa wazi kidogo tu, gesi huikwepa turbini wakati inapohitajika zaidi. Fimbo ya westigeti inapaswa kukivuta kifuniko kikae barabara kwenye kiti chake, na kompyuta ya injini iendelee kukifunga hadi presha iliyokusudiwa ikaribie.

Upande wa baada ya turbini hauna mengi. Bomba la kwanza la kushukia ndilo muhimu kuliko silensa ya nyuma, kwa kuwa gesi hapo bado ni ya moto, imetanuka na inazunguka. Kipenyo cha inchi 3, takriban milimita 76, hutosha injini nyingi za lita 2.0 hadi 2.5. Kona ziwe za taratibu, na gesi ya westigeti ipewe nafasi ya kuchanganyika bila kuigonga ile ya turbini.

Ganda lenye vibawa vinavyosogea hubadilisha upana wa njia wakati injini inafanya kazi: hubana kwenye mizunguko ya chini na kufungua kwenye ya juu. Dizeli zimeipokea teknolojia hii kwa wingi kwa kuwa moshi wake una joto dogo kuliko wa petroli. Kwa petroli, Porsche iliiweka kwenye 911 Turbo ya mwaka 2006. Toyota 1KD-FTV, injini ya dizeli ya Prado na Hilux nyingi, inayo pia. Adui wa teknolojia hii ni masizi. Vibawa vikiganda katika hali ya wazi turbo huchelewa, na vikiganda vimebana presha hupita kiasi. Kusafisha ganda mara nyingi hurudisha uhai ambao mwenye gari alidhani unahitaji turbo mpya.

Mwinuko nao huingia kwenye hesabu. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, ina presha ya hewa inayozidi kidogo asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kabla turbo haijaamka injini huvuta hewa kidogo, hutoa moshi kidogo, na kizingiti hupanda. Turbo iliyo sawa pwani inaweza kuonekana kubwa bara, na gari linalotembea zaidi nyanda za juu linastahili ganda dogo zaidi.

Upimaji hufanywa kwa gia moja, kwa kawaida ya tatu, kuanzia mizunguko ileile, mafuta yakikanyagwa hadi mwisho, huku presha ikirekodiwa dhidi ya mizunguko kabla na baada ya mabadiliko. Ekzosti iliyofunguliwa inaweza kuipandisha presha kupita uwezo wa westigeti ya kiwandani, na hewa ikizidi mafuta kwenye injini ya petroli, pistoni huungua kwa sekunde chache. Presha na kiasi cha mafuta vipimwe upya na kurekebishwa kabla gari halijakanyagwa kwa nguvu zake zote.