Upepo Mmoja, Pwani Mbili

Leo twataka kuyakumbuka majira ya baridi ya mwaka 2013 kuingia 2014, yalivyowapiga watu wa pande zote mbili za bahari ya Atlantiki.

Mapema Januari 2014 hewa ya baridi kali, ambayo kwa kawaida huzunguka huko Ncha ya Kaskazini, ilishuka mpaka katikati ya Marekani. Tarehe 6 mji wa Chicago ulifikia nyuzi 27 chini ya sifuri. Shule zilifungwa, na watu wakaonywa wasitoke nje.

Ng'ambo ya pili, huko Uingereza, shida ilikuwa maji. Mvua ya majira hayo ilizidi ya majira yote ya baridi yaliyopimwa England na Wales tangu 1766. Katika Somerset zaidi ya kilomita 60 za mraba zilifunikwa. Kijiji cha Muchelney kikawa kisiwa, watu wakasafiri kwa mashua. Huko Dawlish, usiku wa tarehe 4 Februari, mawimbi yalibomoa ukuta wa bahari, reli ikabaki ikining'inia hewani. Magarimoshi hayakupita tena mpaka tarehe 4 Aprili.

Je, mambo hayo yalikuwa mbalimbali? Hapana. Juu angani kuna mkondo wa upepo uendao kasi kutoka magharibi kwenda mashariki. Hupata nguvu pale hewa ya baridi ikutanapo na hewa ya joto. Baridi ile ya Marekani iliuongezea nguvu, nao ukazisukuma tufani kuvuka bahari, moja baada ya nyingine. Aliyetetemeka Chicago na aliyepanda mashua Muchelney walikuwa chini ya upepo mmoja.

Wahenga walituonya: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini wakulima wa sehemu nyingine za Uingereza hawakukaa wakitia maji vichwa vyao tu. Walipakia nyasi kavu katika malori, wakawapelekea wenzao wa Somerset ambao malisho yao yalikuwa chini ya mafuriko. Nyasi hizo ndizo chakula cha ng'ombe wakati wa baridi. Kuzitoa si jambo dogo.

Ndugu zangu, sisi nasi tukisikia habari ya mafuriko au ukame kwa wengine, tusianze kuuliza kama ni watu wa kwetu. Tuulize ghalani mwetu mna nini.