Kutoka Kasanga: Maporomoko, Boma na Matanuru ya Ufipa

Kasanga ni bandari ya mwisho ya Tanzania upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Ukiipita kwa mtumbwi, vijiji vichache tu vinabaki kabla ya kufika mdomo wa Mto Kalambo, na ng'ambo ya mdomo huo ni Zambia. Kwa barabara unaifikia kutoka Sumbawanga kupitia Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, mwendo wa kilomita zipatazo 110. Sehemu ya mwisho ni mteremko mtupu: unaacha baridi ya uwanda wa Ufipa, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, unashukia joto la ziwa lililo mita 770 na ushei. Sweta lililovaliwa asubuhi Sumbawanga huishia kufungwa kiunoni.

Mwambao huu ni wa Walungu. Juu ya mteremko wapo Wafipa, na jirani yao Wamambwe. Wenyeji wa kusini waliliita ziwa lao Liemba, na ndilo jina aliloliandika David Livingstone alipofika ufukweni Aprili 1867, kabla hajajua kwamba haya ni maji yaleyale ya Tanganyika. Jina hilo likaja kupewa meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa kwanza Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe karibu na Kigoma mwaka 1916, ikaopolewa, na kuanza kazi upya mwaka 1927. Kwa miongo mingi MV Liemba ndiyo iliyoifanya Kasanga ijulikane. Vituo vingi vya njiani havikuwa na gati, abiria na magunia ya dagaa yakishushwa kwenye mitumbwi katikati ya maji. Kasanga ilikuwa miongoni mwa vichache ambako meli ilifunga kamba.

Anayekuja kutembea huelekezwa mahali pawili: maporomoko ya Kalambo na boma la Mjerumani. Pote pawili panafaa kuonwa, lakini anayeishia hapo ameondoka bila kuona magofu yaliyo ya Wafipa wenyewe, nayo yako juu, mashambani, hayana geti wala kiingilio.

Tuanze na maporomoko, maana hata mimi siwezi kumshauri mtu ayaruke. Vitabu havikubaliani kuhusu kimo chake. Vingine vinasema mita 221, vingine 235. Vyovyote iwavyo, maji yanaanguka mara moja tu, kutoka ukingo hadi chini, na kimo hicho ni takriban mara mbili ya maporomoko ya Victoria. Upande wa Tanzania njia ni ya kijiji cha Kapozwa, halafu ngazi ndefu za kushuka na, kwa bahati mbaya, za kupanda wakati wa kurudi. Beba maji ya kunywa. Aendaye Februari hadi Mei atakuta mto umejaa. Aendaye Septemba au Oktoba atakuta uzi mweupe mwembamba, ila atafidiwa kwa ndege: marabu, wale korongo wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni, hutaga kiangazi kwenye kuta za genge, mahali ambapo hakuna mnyama wala mtu awezaye kuwafikia. Chini ya maporomoko mto unaendelea ndani ya korongo refu lenye kuta za kutisha hadi unapolifikia bonde na ziwa.

Mto huo ni mpaka kwa sababu ya karatasi. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana nchi ambazo wengi wa wakuu wa mataifa hayo mawili hawakuwahi kuziona, wakaandika kwamba mstari utafuata mto unaoitwa Kilambo hadi unapoingia Tanganyika. Walungu, wenye ndugu kingo zote mbili, hawakuulizwa. Tokeo lake ni kwamba maporomoko yamo katika nchi mbili, na historia kubwa kuliko zote za mahali hapa imebaki kwenye ukingo wa upande mmoja.

Historia yenyewe ni hii. Mwaka 1953 mwanaakiolojia Mwingereza John Desmond Clark, aliyekuwa akisimamia makumbusho ya mjini Livingstone, alifika kwenye bonde dogo la mto, juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia. Ukingo uliokatwa na maji ulionyesha tabaka juu ya tabaka: mashoka ya mawe ya kale sana chini, zana ndogo zaidi juu yake, na juu kabisa vyungu vya wakulima waliojua chuma, wa karne za mwanzo za milenia ya kwanza. Clark alirudi mara kadhaa hadi mwaka 1963, na majuzuu yake matatu yalichukua muda mrefu kukamilika, la mwisho likitoka mwaka 2001. Jambo lililomsumbua ni mbao. Kwa kawaida mti huoza ukaisha, lakini hapa udongo ulikuwa umelowa maji wakati wote, hewa haikupenya, na vipande vya mti vikabaki. Clark aliviona, akashuku kwamba vingine vimechongwa, lakini vipimo vya kaboni vya wakati wake havifiki mbali kiasi hicho.

Jibu likaja mwaka 2019, timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilipochimba tena. Safari hii waliupima mchanga wenyewe, kujua ni lini chembe zake ziliona mwanga wa jua kwa mara ya mwisho. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Septemba 2023: magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine, na la juu limechongwa pengo ili likae bila kuteleza. Umri wake ni takriban miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu hakuwa amekwisha tokea. Mabaki yetu ya kale zaidi yanayojulikana yana umri wa kama miaka 300,000. Aliyeyaunganisha magogo yale, pengine kwa ajili ya jukwaa au njia ya kupita juu ya matope, alikuwa kiumbe mwingine mwenye akili ya useremala. Hakuna kazi ya kuunganisha mbao iliyopatikana popote duniani ambayo ni ya zamani kuliko hiyo.

Mtalii wa Kapozwa anasimama karibu kabisa na mahali hapo, anapiga picha maji, anaondoka. Habari hii ingepaswa kuwa ya kwanza kusimuliwa pale juu ya ngazi. Hao mafundi wa magogo hawakujua Tanzania wala Zambia.

Boma la Kasanga linahitaji saa chache tu. Wajerumani walipafanya hapa makao makuu ya wilaya na kupaita Bismarckburg, kumuenzi kansela wao, wakajenga ngome juu ya ziwa mahali ambapo chombo chochote kinachokuja huonekana mapema. Kabla hujasogelea magofu na kutoa kamera, piga hodi kwa serikali ya kijiji. Ndiyo adabu, na ndiyo usalama wako pia.

Kisa kinachopendwa kuhusu boma hili ni cha Juni 1916. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, yuleyule aliyeleta boti mbili za vita kutoka Uingereza kupitia Afrika Kusini na Kongo, alifika mbele ya ngome na vyombo vyake, akaona mizinga kwenye kuta, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani na askari wao wakatoroka kwa majahazi na mitumbwi. Jeshi lililotoka Rhodesia ya Kaskazini lilipoingia ndani, inasimuliwa, lilikuta ile mizinga ni ya mbao. Kisa kinachekesha, na vitabu vya Kiingereza vimekirudia mno. Kisichorudiwa sana ni cha mwishoni mwa mwaka 1918. Jenerali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi wengi zaidi. Kutoka huko walishuka kwa miguu hadi Kasanga, wakapakiwa kwenye meli kwenda Kigoma. Vita vya Afrika Mashariki viliishia kwenye gati la mji huu, na mafua makali ya mwaka huo yakiwapukutisha watu njiani. Majina ya maofisa yamo kwenye vitabu. Ya wapagazi utayatafuta bure.

Sasa tupande juu. Safari hii ni ya siku nyingine, na afadhali uianze alfajiri. Ukishamaliza mteremko, nchi inafunguka: nyasi, mabonde yenye maji, miti michache, na mashamba ya matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita ntumba, majani yakifukiwa humo yaoze yawe mbolea. Katikati ya mashamba hayo, mara nyingi kando ya kichuguu, husimama kitu ambacho mgeni atadhani nacho ni kichuguu hadi asogee aone matundu yaliyopangwa chini kwa mzunguko. Hilo ni tanuru la kuyeyushia chuma.

Wafipa wanaliita ilungu, yakiwa mengi malungu. Ni mnara wa udongo, mpana chini na mwembamba juu, wenye kimo cha mita 3 au zaidi. Udongo ulitolewa kwenye kichuguu kwa sababu unashika na unavumilia moto. Kila tundu liliingizwa mirija ya udongo wa kuchoma. Ndani mkaa na mawe ya chuma vikapangwa kwa tabaka, kisha moto ukawashwa. Na hapa ndipo ufundi ulipo: hapakuvukutwa mvukuto hata mmoja. Urefu wa mnara ulivuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukaendelea siku kadhaa bila mtu kuupuliza. Kilichotoka kilikuwa bonge lenye takataka nyingi, likahamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Baada ya hapo mhunzi akalifua liwe jembe, shoka au mkuki. Majembe ya Ufipa yaliuzwa mbali na hapa.

Kazi hiyo ilikuwa na mwiko wake. Tanuru lilihesabiwa kuwa bibi harusi: lilipambwa, likaimbiwa, likawekewa dawa na fundi mkuu, na wayeyushaji hawakulala na wake zao muda wote wa kazi. Chuma kilichotoka kilikuwa mtoto wake. Wasomaji wa mjini huweza kuliona hilo kama ushirikina uliobandikwa juu ya ufundi. Mimi naona ndivyo fundi alivyowadhibiti vijana wake wakae kazini, macho kwenye moto, kwa siku zote zilizotakiwa.

Hata utawala ulihusishwa na chuma. Masimulizi ya Wafipa, aliyoyakusanya mwanaanthropolojia Roy Willis, yanasema ukoo wa kwanza wa watawala ulikaa Milansi, chini ya mlima Itwelele, na Willis alihisi kwamba wakuu hao walikuwa wahunzi. Siku moja mtemi akiwa mawindoni walifika wanawake wageni watatu, wakakikalia kiti chake. Aliporudi aliwaachia nchi, akajibakizia Milansi na heshima zake. Uzao wa wanawake hao, ukoo wa Watwa, ndio uliozitawala Nkansi na Lyangalile.

Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo, ya bei rahisi, pamoja na kodi na kazi za mishahara za ukoloni, viliuzima moto wa malungu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1937 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo ya mwandishi aitwaye Greig kuhusu uyeyushaji huo. Baadaye akaandika mtafiti Wembah-Rashid, na katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya utafiti uliobadilisha picha yote. Alionyesha kwamba malungu marefu ya uwandani si aina pekee: mwambaoni, kuelekea Kirando na Kala, kulikuwa na matanuru mafupi yaitwayo katukutu, yenye ufundi tofauti. Kwa hiyo hata anayebaki ufukweni, akiona vipande vyeusi vizito vyenye vinyweleo, mavi ya chuma, ajue amesimama kwenye karakana ya watu.

Mwenye pasipoti na siku ya ziada avuke hadi Zambia. Karibu na Mpulungu yapo magofu ya kanisa la mawe la Niamkolo, lililojengwa na Jumuiya ya Misheni ya London katika miaka ya 1890 na kuungua mwaka 1908, malale yakiwa yanawafukuza watu ziwani. Mbala kuna Makumbusho ya Moto Moto, yaliyofunguliwa mwaka 1974 kutokana na vitu alivyokusanya padri Jean-Jacques Corbeil. Jirani zetu wameweka paa juu ya urithi wao. Sisi wetu unanyeshewa.

Kulitatua tatizo hili hakuhitaji fedha nyingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo yanahitaji kutangazwa. Malungu mengi yanayosimama leo yalitumika baada ya mwaka huo, kwa hiyo mwenye shamba anayelibomoa apate nafasi ya mahindi pengine havunji sheria yoyote. Msomaji utakayepanda Ufipa, tafuta mzee wa kijiji akuongoze, umlipe, usipande juu ya tanuru, wala usichukue mrija au kipande cha mavi ya chuma kwa kumbukumbu. Nanyi madiwani wa Kalambo, Nkasi na Sumbawanga, yaorodhesheni yaliyobaki, kijiji kwa kijiji, mpeleke orodha kwa waziri ayatangaze.