Kitabu cha MTUHA na Shilingi ya Halmashauri

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilianza kusambaza katika zahanati, vituo vya afya na hospitali zake mfumo mmoja wa vitabu ambao wahudumu wameuzoea kwa jina la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji Huduma za Afya. Kabla ya hapo kila mpango ulikuwa na fomu zake: chanjo zake, kifua kikuu zake, uzazi zake, na mara nyingi muuguzi yule yule wa kijijini ndiye aliyezijaza zote. MTUHA ulikusudiwa kumpunguzia mzigo huo, na zaidi ya hapo kumwezesha kuzitumia takwimu zake mwenyewe pale pale kituoni. Shabaha hiyo ya pili ndiyo iliyokwama. Vitabu vilijazwa, majumuisho yakapanda wilayani, mkoani hadi wizarani, na kilichorudi chini kikawa kidogo mno. Wengi wameueleza mkwamo huo kuwa ni tatizo la karatasi, kwamba kompyuta zingekuja mapema mambo yangenyooka. Yaliyotokea katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini yananielekeza kwingine: takwimu zilianza kuokoa maisha zilipomfikia mtu mwenye mamlaka ya kupanga fedha.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ziliendesha katika wilaya hizo mradi uliojulikana kama TEHIP. Rejesta ya zahanati humhesabu aliyefika zahanati, ilhali watu wengi walikuwa wakifia nyumbani. Kwa hiyo wadadisi walipita kaya kwa kaya, wakaandika waliozaliwa, waliohama na waliokufa, kisha wakawahoji wafiwa kuhusu dalili za marehemu ili kukadiria chanzo cha kifo. Majibu yalipowekwa kando ya bajeti, tofauti ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1996 malaria ilichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea Morogoro, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Kifua kikuu, kilichobeba chini ya asilimia 4 ya hasara hiyo, kilipata asilimia 22. Sidhani kwamba waliopanga bajeti walikuwa wazembe. Walifuata mgawo wa mwaka uliotangulia na matakwa ya wafadhili, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine mezani. Mradi uliwapa chati chache zilizoonyesha mzigo wa magonjwa sambamba na matumizi, ambazo mganga mkuu wa wilaya aliweza kuzisoma bila mtaalamu wa takwimu pembeni yake. Fedha zikaanza kuhamia kwenye vyandarua na kwenye mafunzo ya kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, badala ya kutazama ugonjwa mmoja mmoja. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000.

Kuna pingamizi zito hapa: mradi uliongeza fedha, kwa hiyo huenda fedha ndizo zilizofanya kazi na taarifa zikapewa sifa isiyo yao. Ni kweli kwamba fedha ziliongezwa, na mabadiliko ya mwaka mmoja hayawezi kuthibitisha kila kitu. Lakini nyongeza iliyotumika ilikuwa kama senti 80 za dola ya Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kiasi hicho kingetawanywa kwa mgawo wa zamani, sehemu ndogo sana ingeifikia malaria. Fedha na taarifa zilihitajiana, na bajeti ya 1996 inaonyesha jinsi fedha isiyo na taarifa ilivyokuwa ikipotea njia.

Kompyuta nazo zilikuja. Programu ya kukusanya takwimu za afya iitwayo DHIS, iliyozaliwa Afrika Kusini katika juhudi zilizoanza mwaka 1994 baada ya ubaguzi wa rangi na kuendelezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, leo inatumika katika nchi nyingi. Kenya iliieneza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata muda mfupi baadaye. Makosa ya kujumlisha yamepungua na ripoti zinafika haraka, faida ambazo sizibezi. Hata hivyo njia ya taarifa ilibaki ya kupanda. Muuguzi anayejua kwamba hakuna dawa atakayoletewa kwa sababu ya namba alizoandika ana sababu ndogo ya kuzihakiki, hata akizijaza kwenye kishikwambi. Ndiyo maana hatua ninayoipa uzito zaidi si ya kiteknolojia: tangu mwaka wa fedha 2017/18 Tanzania inapeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwemo. Mganga mfawidhi na kamati ya kituo sasa wanapanga matumizi wakiwa na vitabu vya MTUHA walivyovijaza wenyewe, na kama wataona wagonjwa wa malaria wameongezeka, wanaweza kununua vipimo kabla ya masika bila kusubiri wilaya ilisome jedwali lao.