Ubao mama kwanza: historia ya kuboresha kompyuta kutoka Thika hadi Ruiru

Leo nataka tuzungumzie prosesa, ubao mama na RAM, kwa sababu nimefika mahali ambapo lazima nibadilishe vitu hivyo vitatu katika kompyuta yangu ya mezani, ile ninayoandikia programu hapa Ruiru. Rafiki zangu wote wananiuliza swali moja: utanunua prosesa gani? Mimi naona swali hilo limeanzia mwisho. Ukiangalia miaka ishirini na zaidi ya kompyuta katika barabara hii ya Thika, utaona kwamba kitu kilichoamua mashine itaishi au itauzwa kwa kilo ni ubao mama. Prosesa ilifuata tu. Basi kabla sijatoa pesa, hebu turudi nyuma kidogo.

Soketi tatu ndani ya miaka minne

Kwa wale wageni wa mambo haya: ubao mama ndio ule ubao mkubwa ambao kila kitu kinakaa juu yake. Prosesa inakaa kwenye soketi, RAM zinakaa kwenye nafasi zake ndefu, na waya za umeme zinaingia pembeni. Soketi isipolingana na prosesa, hakuna ujanja.

Mwezi wa Novemba 2000 kampuni ya Intel ilitoa Pentium 4 kwa soketi ya pini 423, pamoja na RAM ya aina ya Rambus iliyokuwa ghali mno. Mwaka uliofuata ikaja soketi ya pini 478. Mwaka 2004 ikaja LGA 775, ambayo pini zake zilihamishwa kutoka kwenye prosesa zikawekwa kwenye ubao. Kwa hiyo prosesa hiyo moja ilipitia soketi tatu ndani ya miaka minne. RAM nazo zilikuwa mbioni: SDRAM ilikuwa na pini 168, DDR ikawa na 184, DDR2 ikawa na 240. DDR3 nayo ikaja na pini 240 lakini pengo lake liko mahali pengine na volti zake ni 1.5 badala ya 1.8, kwa hiyo haiingii kwenye nafasi ya DDR2 hata ukiisukuma kwa goti.

Huku kwetu wakati huo kulikuwa na kompyuta za aina mbili. Kulikuwa na kloni, yaani mashine iliyounganishwa na fundi kwa vipande vilivyotoka Dubai na Mashariki ya Mbali. Halafu kulikuwa na "ex-UK", zile za mtumba zilizotumika maofisini ng'ambo zikauzwa baada ya miaka mitatu, minne au mitano. Shule nyingi nazo zilipata kompyuta za namna hiyo kupitia shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002 na kuzikarabati kabla ya kuzigawa.

Watu walipenda ex-UK kwa sababu zilikuwa na jina na chuma kizito. Lakini kwa mtu wa kuboresha zilikuwa na mitego miwili. Mtego wa kwanza ni umbo. Intel ilijaribu kuleta mpangilio mpya wa ubao ulioitwa BTX, kisha mwaka 2006 ikaachana nao. Baadhi ya mashine za ofisi, kama Dell OptiPlex 745, zilikuwa tayari zimetengenezwa kwa mpangilio huo. Ubao wa kawaida wa ATX haukuingia ndani ya makasha hayo. Ukitaka ubao mpya, unanunua na kasha na pawasaplai pia, na hapo sasa umenunua kompyuta nyingine.

Mtego wa pili ulikuwa kapasita, vile vimkebe vidogo vinavyosawazisha umeme karibu na prosesa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi vya Asia vilitoa kapasita mbovu zilizovimba kichwa na kuvuja. Mbao za Dell OptiPlex GX270 zilipatwa na ugonjwa huo, na mwaka 2005 Dell ilitangaza kutenga dola milioni 300 kugharamia matengenezo. Sasa piga hesabu: mashine ya 2003 au 2004 inaondolewa ofisini baada ya miaka minne, inapakiwa kwenye kontena, inafika Mombasa, inapanda hadi Thika. Huyo anayeinunua hana waranti ya mtu. Mafundi wetu walijifunza kuzing'oa kapasita hizo na kulehemu nyingine, na kazi hiyo iliokoa mashine nyingi kuliko prosesa yoyote mpya.

Ile saiba ya Thika, 2006

Mwezi wa Julai 2006 Intel ilitoa Core 2 Duo, na kweli ilikuwa prosesa ya ajabu. Ilifanya kazi nyingi zaidi kuliko Pentium 4 huku ikila umeme kidogo na kutoa joto kidogo. Mwishoni mwa mwaka huo nilikuwa nikifanya kazi katika saiba moja mjini Thika. Tulikuwa na mashine sita, tukitoza shilingi moja kwa dakika. Mwenye saiba, mama mmoja mwenye bidii sana, alikuwa amechukua mkopo kwenye chama chao ili aziboreshe zote, maana wateja walikuwa wakilalamika kwamba ukifungua madirisha matatu kompyuta inalala.

Muuzaji mmoja alimwambia anunue Core 2 Duo sita. Alimhakikishia kwamba zitaingia, kwani soketi ni ile ile, LGA 775. Na kweli zingeingia. Lakini kuingia na kuwaka ni mambo mawili.

Nikamwomba: "Mama, tungoje kidogo, nifungue moja nisome namba ya ubao."

"Fungua, kijana wangu. Hii pesa ni ya watu."

Ubao ulikuwa wa chipseti 915. Chipseti hiyo haikutengenezewa prosesa ya viini viwili, na mfumo wake wa kugawa umeme haukulingana na Core 2 Duo. Hata mbao nyingi za 945, zilizokuja baadaye, zilikataa prosesa hizo isipokuwa zile zilizofanyiwa marekebisho. Mkopo wa chama ungelala kwenye sanduku. Nilipotazama zaidi nikaona kila mashine ina RAM ya MB 256 tu, na Windows XP ilikuwa ikihangaika kuhamisha kila kitu kwenye diski. Tuliongeza RAM hadi GB 1 kwa kila moja, sehemu ya mkopo ikabaki, na malalamiko yakaisha. Saiba ile iliendelea na prosesa zake zile zile miaka mitatu zaidi.

Upande wa AMD mambo yalikuwa afadhali kidogo. Soketi yao ya AM2 ilitoka Mei 2006, na prosesa za AM3 za mwaka 2009 ziliweza kukaa kwenye mbao za AM2+ kwa sababu zilielewa DDR2 na DDR3 pia. Lakini AMD za mtumba zilikuwa chache, kwa kuwa maofisi ya Ulaya yalinunua Intel zaidi. Chaguo letu, kwa hiyo, lilikuwa limefanywa na mtu wa manunuzi huko Uingereza miaka minne kabla yetu.

Barabara na nyaya

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Novemba 2012 Rais Kibaki akafungua Thika Superhighway. Ruiru iliyokuwa na watu wapatao 239,000 kwa sensa ya 2009 ilifikisha karibu 490,000 mwaka 2019. Saiba zilipungua, simu na laptopu zikachukua nafasi. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ilirudisha kodi ya asilimia 16 kwenye kompyuta. Na pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika, chuo kikuu cha JKUAT kiliingia katika kuunganisha vifaa; mwaka 2016 kilishirikiana na Positivo BGH kuleta tableti za wanafunzi wa shule za msingi katika mpango wa serikali. Ilikuwa hatua nzuri, ila tableti haifunguliwi ukaongeza RAM. Mtu wa kompyuta ya mezani alibaki na mtumba wake.

Historia ikajirudia

Sasa nije kwa mashine yangu. Ni ex-UK yenye Core i5-7500 ya mwaka 2017, soketi LGA 1151, na DDR4 ya GB 16 katika vipande viwili. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache sana. Kizazi cha 8 nacho kinatumia soketi gani? LGA 1151! Pini ni 1151 kama zangu. Lakini prosesa hizo zilipotoka Oktoba 2017 zilihitaji mbao mpya za chipseti za mfululizo wa 300, na kwenye ubao wangu haziwaki. Ni ile saiba ya 2006 tena, miaka kumi na moja baadaye.

Wakati huo huo AMD ilikuwa imefuata njia nyingine. Soketi ya AM4 ilipokea Ryzen za kwanza mwezi wa Machi 2017, na mwaka 2022 mbao za mwanzo kabisa ziliruhusiwa kupokea Ryzen za mfululizo wa 5000, mradi mtengenezaji ametoa BIOS mpya. Wakulima wa kahawa wa Ruiru wanalijua jambo hili. Tangu Ruiru 11 itolewe mwaka 1985, mwenye shina la zamani lenye mizizi hai ameweza kupandikiza juu yake badala ya kung'oa shamba zima.

Nimepima njia tatu. AM5 ndiyo yenye maisha marefu mbele, lakini inataka DDR5 peke yake, na tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinahudumia kwanza vituo vya akili bandia. Desemba hiyo Micron hata ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Njia ya pili ni ex-UK nyingine ya kizazi cha 8, rahisi, ila nitaingia tena kwenye kasha lenye waya za kipekee. Njia ya tatu ni ubao wa B550 wenye nafasi nne za RAM, na Ryzen 5 5600G yenye viini sita, wati 65, na grafiki ndani yake, kwa hiyo sihitaji kadi ya picha.

Nimechagua ya tatu. RAM zangu za DDR4 zitahama nami, baadaye nitaongeza mbili. Mwendo wao ni 2400 wakati Ryzen hiyo inapenda 3200, lakini mimi nakompaili programu, sichezi michezo. Kasha na pawasaplai nitanunua vya kawaida vya ATX, ili mabadiliko yajayo yasinilazimu kununua chuma tena. Na siku nikihitaji nguvu, ubao huo unakubali hata prosesa ya viini 16, ambayo naamini wakati huo itakuwa mtumba wa bei nzuri.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiulize bei ya prosesa kabla ya kufungua kasha. Soma namba iliyo kwenye ubao, itafute orodha ya prosesa zinazokubaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, hesabu nafasi za RAM, uangalie waya za umeme. Muuzaji akikwambia soketi ni ile ile, mwombe aiwashe mbele yako kwanza.