Chavusha

Kitenzi hiki kimetokana na chavua, ule unga laini wa ua dume. Kwenye shamba la mahindi kazi yake huonekana kwa macho. Mbelewele iliyo kileleni hupukutisha chavua, upepo ukaipeperusha hadi kwenye ndevu za hindi changa la mmea mwingine. Kila unywele wa ndevu hizo una punje yake moja; usipopata chavua, hubaki pengo kwenye gunzi. Na ukikuta punje za njano katika hindi jeupe, huenda chavua ya shamba la jirani ilifika.

Neno hili linastahili kutumika hata nje ya shamba. Taarab ya Unguja ilikua kwa kuchavushana: udi na ganuni za Uarabuni, fidla ya Ulaya, na mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani. Tuseme basi, bila kusita, kwamba watu huchavushana mawazo. Mtafiti wa kilimo amsikilize mkulima, naye daktari akae na mkunga wa kijijini. Kila mmoja ana analolijua ambalo mwenzake analihitaji.