Lango la Makerere

Mwaka 1922, juu ya kilima cha Makerere mjini Kampala, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua shule ya ufundi. Ilianza na vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Muda si mrefu yakaongezwa masomo ya udaktari, kilimo na ualimu, na vijana wakaanza kutumwa huko kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Mwaka 1949 chuo kikafungamanishwa na University of London, na wahitimu wake wakawa wanatunukiwa shahada za huko. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki haikuwa na lango jingine la kwenda chuo kikuu, na hilo lililokuwapo lilikuwa jembamba mno.

Lango hilo halikuwachuja watu kwa akili peke yake. Kijana hakufika mbele ya karatasi ya mtihani mpaka awe amepata sekondari, na sekondari zenyewe zilikuwa za kuhesabika: Budo kule Uganda, Tabora kule Tanganyika, Alliance kule Kenya. Wasichana walikuwa na shule chache zaidi. Hadi 1945 Makerere haikuwa na mwanafunzi wa kike hata mmoja, na kaulimbiu yake ilisema "Tuwe wanaume". Mwaka huo wakaingia wasichana sita, na kaulimbiu ikabadilishwa kuwa "Tunajenga kwa ajili ya siku zijazo".

Sifa ya chuo ikaenea. Julius Nyerere alisomea ualimu hapo, Mwai Kibaki uchumi, Benjamin Mkapa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya zake za mwanzo akiwa bado mwanafunzi. Watu wakazoea kusema kwamba sifa hiyo ilitokana na mchujo mkali. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Waliopita kwenye mchujo walikuta walimu wa kutosha, maktaba yenye vitabu, kitanda, chakula na posho. Madarasa yalikuwa madogo, mwalimu akimjua kila mwanafunzi kwa jina. Mchujo na matunzo vilikwenda pamoja miaka yote hiyo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuuliza ni kipi hasa kilichokibeba chuo.

Utawala wa Idi Amin ukaleta jibu kwa njia ya kikatili. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali asionekane tena. Walimu wengi wakakimbilia nje ya nchi. Amin aliondoka 1979, lakini vita na umaskini vilibaki. Katika miaka ya 1980 lango la Makerere lilikuwa jembamba vilevile: walioingia walikuwa wachache waliofanya vizuri kuliko wenzao nchi nzima. Ndani, hata hivyo, maktaba ilikuwa hainunui vitabu vipya, maabara hazina kemikali, na mshahara wa profesa haulishi familia, akalazimika kufuga kuku au kuendesha teksi. Wanafunzi walikuwa bora, chuo kikadhoofika. Nikisikia mtu akitetea mchujo kana kwamba wenyewe ndio ubora, miaka hiyo ndiyo ninayotamani aisome.

Serikali ilipoanza kufuta posho za wanafunzi, migomo ikazuka, na mnamo Desemba 1990 polisi wakawapiga risasi na kuwaua wanafunzi wawili. Hazina haikuwa na fedha. Mwaka 1992 chuo kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wengi wakisoma jioni, na vitivo vya Sheria na Biashara vikitangulia. Katika miaka ya 1990 nafasi za serikali zilikuwa kama 2,000 kwa mwaka. Waliobaki walipimwa kwa pointi za chini kidogo, pamoja na uwezo wa kulipa ada. Wanafunzi, waliokuwa elfu chache, wakapita 30,000 kabla ya miaka 15 kwisha. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kikafungua mlango wa namna hiyo mwaka 1998.

Haifai kuidharau hatua hiyo. Ada ziliwarudisha walimu madarasani, na maelfu ya watu waliofaulu lakini wakakosa nafasi, wakiwamo watu wazima wenye kazi, wakapata shahada. Tangu 1990 wasichana nao walikuwa wakiongezewa pointi 1.5 katika udahili, na kwa kuunganika na nafasi za kulipia, kutoka karibu robo ya wanafunzi wakaelekea nusu.

Ila ada ilibaki katika kitivo kilichoikusanya, na vitivo vikaanza kunyang'anyana wanafunzi. Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha hapo, alilieleza hilo kwa kina katika kitabu chake cha 2007: Kitivo cha Sanaa kikabuni kozi za soko, zikiwamo za utalii na uhazili. Kumbi zikajaa hadi watu wakasikiliza mihadhara madirishani. Walimu na vitabu havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi.

Wakati huohuo nafasi za serikali, zilizotolewa kwa alama za juu, zilichukuliwa kwa wingi na watoto wa sekondari chache za gharama. Serikali ikalazimika kutenga sehemu ya nafasi hizo kwa mgawo wa wilaya. Mchujo na matunzo vilikutana tena mahali padogo: Mamdani mwenyewe alirudi Makerere mwaka 2010 kuongoza taasisi ya utafiti wa jamii, na miaka miwili baadaye akaanzisha programu ya uzamivu. Ilipokea wanafunzi wachache kila mwaka, ikawalipia masomo yao, na kuwaweka darasani na walimu wao kwa miaka kadhaa.